Sikukuu Yatayarishwa Tangu Lini, na Salamu Yake ni Ipi?

Siku moja niliingia Kidato cha Pili kufundisha Jiografia, nikakuta darasa limegawanyika mapande mawili. Kijana mmoja mwenyeji wa upande wa Nyangao alikuwa amewaambia wenzake wa Kilwa, "Idi njema!" hali Ramadhani ilikuwa ndiyo kwanza siku ya kumi na mbili. Mmoja wao akamjibu kwa uchungu, "Mbona watukatisha mfungo?" Naye akarudisha, "Ninyi mlituambia Krismasi njema shule inafungwa, mwanzo wa Desemba, nami sikusema neno." Nikaweka chaki chini. Somo la siku ile lilikuwa mwendo wa mwezi, na kwa bahati njema ugomvi wenyewe ulikuwa mfano wake. Haya ndiyo niliyowaambia, pamoja na mengine ambayo muda wa kipindi haukutosha kuyamaliza.

Kwanza yafaa tujue kwamba sikukuu zetu hazihesabiwi kwa hesabu moja. Krismasi hufuata jua, nayo haihami tarehe 25 Desemba. Idi hufuata mwezi. Mwezi huandama kila baada ya siku 29 au 30, na miezi kumi na miwili ya namna hiyo hufanya siku 354 au 355. Basi mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kumi au kumi na moja, na kila mwaka Idi hurudi nyuma kwa kiasi hicho. Mwaka 2024 Idi ya Fitri ilikuwa tarehe 10 Aprili; mwaka 2025 ikawa mwishoni mwa Machi. Pasaka nayo imekaa katikati: huwa Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaotokea tarehe 21 Machi au baada yake, ndiyo maana haiwi kabla ya 22 Machi wala baada ya 25 Aprili. Wanafunzi wengi Wakristo walistaajabu kusikia kwamba wao pia wana sikukuu inayongoja mwezi.

Wazee wetu wa pwani waliipa Idi heshima kubwa hata wakaifanya mwanzo wa kuhesabu miezi yao. Mwezi unaofuata Ramadhani huitwa Mfunguo Mosi (wengine husema Mfungo Mosi), kwa kuwa ndio mwezi wa kufungua. Baada yake huja Mfunguo Pili, Mfunguo Tatu, na kuendelea mpaka Mfunguo Tisa, kisha Rajabu, Shaabani, na Ramadhani yenyewe. Kwa hiyo Idi ya Fitri ni siku ya kwanza ya Mfunguo Mosi, na Idi ya Hija ni siku ya kumi ya Mfunguo Tatu. Tazameni tofauti iliyopo hapo. Idi ya Hija hujulikana siku tisa kabla, maana mwezi ukisha kuandama hesabu imekwisha. Lakini Idi ya Fitri hujulikana jioni ile ile ya kuamkia kwake, na shida zote za matayarisho zimetoka hapo.

Tena wengi hawajui mwezi mwandamo hutazamwa upande gani. Niliuliza darasa, na nusu nzima wakanyosha vidole baharini. La, bahari yetu iko mashariki. Mwezi mchanga huonekana magharibi, muda mfupi baada ya jua kutua, nao hautakawia kutua pia. Basi mtu wa Kivinje au wa Lindi atakaye kuuona mwezi wa Idi yampasa aipe bahari kisogo, atazame bara. Katika mji wa Lindi vilima vilivyo nyuma ya mji huziba sehemu ya anga ya chini, na wakati wa masika wingu humaliza iliyobaki. Mvuvi huweza kukuambia kwa bamvua kwamba mwezi uko karibu kuandama, kwa sababu maji hujaa sana na kupwa sana wakati wa mwezi mwandamo na wakati wa mwezi mpevu. (Ndiyo sababu asubuhi ya Idi, mnamo saa nne, maji yamekupwa mbali, na anayevuka kwenda kumtembelea jamaa yake Kilwa Kisiwani hushuka chomboni na kukanyaga tope kwa kanzu mpya.) Lakini bamvua halimwambii mtu kwamba ni leo au ni kesho. Hilo hungoja macho, na siku hizi hungoja tangazo la Mufti redioni na katika simu.

Sasa nitaeleza jambo lililonipata mimi mwenyewe, maana ndilo lililonifundisha habari ya matayarisho kabla sijafundishwa na kitabu.

Mama yangu alikuwa akipika vitumbua vya kuuza huko Kivinje. Idi ilikuwa ndiyo mavuno yake, kwa sababu asubuhi ile kila nyumba hununua, hata nyumba ambazo siku nyingine hunywa chai kavu. Mwaka mmoja nilikuwa darasa la saba, nimeshinda kuingia sekondari ya bweni, na fedha ya vitumbua vya Idi ile ilikuwa imekwisha hesabiwa: nauli yangu, sanduku, na jozi ya viatu. Tarehe 29 Ramadhani kulikuwa na wingu. Mara baada ya magharibi kijana mmoja alipita mbio mtaani akipiga kelele, "Mwezi umeandama!" Watoto wakamfuata wakiimba. Mama alikuwa amekwisha roweka mchele pishi nne tangu mchana. Aliposikia kelele hakungoja. Tukatwanga, tukakuna nazi, akakamua tui, akatia sukari, iliki na hamira, akafunika beseni mbili kubwa karibu na jiko zipate kuumuka.

Saa tatu ya usiku hapakuwa na tangazo. Saa nne mwalimu wa msikiti akawatuma watu waseme kwamba mwezi haukuonekana, kesho ni kufunga. Nakumbuka mama hakusema neno; alifunua beseni moja akatazama, akaifunika tena. Mnajua joto la pwani. Unga uliotiwa hamira usiku, kufika magharibi ya siku ya pili umekuwa mchachu. Tuliuza kidogo wakati wa futari, vingi tukagawa, na beseni moja tulimwaga. Idi ilipofika hatukuwa na mchele wala nazi wala fedha ya kununulia vingine. Nilikwenda shule kwa nauli ya kukopa, nimevaa viatu vya binamu yangu vilivyonibana muhula mzima. Yule kijana sikumchukia. Nadhani naye alidanganywa na wingu. Lakini tangu siku ile nikisikia mtu ametangaza sikukuu kabla ya wakati wake huona vidole vyangu vinauma.

Mwaka uliofuata mama alikuwa na taratibu nyingine, na hiyo ndiyo ninayowapa kama jibu la swali la kwanza. Vitu visivyooza alianza kuvitayarisha tangu Shaabani: sukari, iliki, mkaa, mafuta, na mchele akiununua kidogo kidogo kabla bei haijapanda. Nguo alipeleka kwa fundi kabla ya Ramadhani kufika nusu, kwa kuwa katika kumi la mwisho fundi cherehani hupokea kazi kwa mdomo tu, na kanzu yako utaipata Idi ya Hija. Siku ya 29 aliroweka mchele kama kawaida, lakini hakugusa nazi wala hamira mpaka habari ya mwezi iwe ya hakika. Mwezi usipoonekana, mchele ule ule ulipikwa ukaliwa daku.

Kuna jambo moja la matayarisho ambalo haliwezi kuahirishwa, nalo ni Zaka ya Fitri. Hiyo ni chakula kiasi cha pishi moja kwa kila kichwa nyumbani, na yapasa imfikie maskini kabla ya sala ya Idi, apate kula siku hiyo pamoja na wengine. Ikitolewa baada ya sala huhesabiwa sadaka ya kawaida. Nimeona watu waliokumbuka shati, wakakumbuka na marashi, kisha pishi ya jirani ikawakuta njiani kwenda kuswali.

Wazazi nao wana hesabu yao ngumu, hasa wakulima. Mkoa wetu hupata fedha kwa misimu: ufuta katikati ya mwaka, korosho kuanzia Oktoba. Krismasi huwakuta wakulima wa korosho karibu na fedha karibu kila mwaka. Idi haina ahadi hiyo. Ikiangukia Julai, mzee amekwisha uza ufuta, hununulia watoto wote nguo. Ikiangukia Machi au Aprili, fedha ya korosho imekwisha, ufuta uko shambani, na juu ya hayo ni masika. Zamani, kabla daraja la Mkapa la mto Rufiji halijafunguliwa mwaka 2003, magari yalivushwa kwa kivuko, na mvua kubwa ziliweza kuzuia shehena ya mji mzima. Hata sasa tusijisahau: mwezi Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya Dar es Salaam huko Somanga, wilayani Kilwa. Basi mzazi mwenye mtoto wa bweni, Idi ikiwa ya masika, na atume nauli mapema, wala asingoje mwezi uonekane.

Nimefika kwenye salamu. Pwani yetu, na hata bara, sikukuu huanza jioni. Siku ya Kiislamu huingia jua likitua, ndipo takbiri huanza kusikika. Na Wakristo nao wana mkesha wao jioni ya 24 Desemba. Kwa hiyo salamu ya Idi huanza usiku wa kuamkia Idi, baada ya mwezi kuthibitika. Kabla ya hapo twaweza kusema "Mfungo mwema", au "Ramadhani Karimu", au, kama wasemavyo akina mama wa Kivinje, "Mungu atufikishe." Maneno haya matatu hayamkatishi mtu mfungo wake. Usiku ule ukifika, sema "Idi Mubaraka", au "Idi njema", au toa mkono useme "Mkono wa Idi!" Mtoto asemaye hivyo hutazamiwa kupewa kitu kidogo, na ninyi wa Kidato cha Nne wenye ndevu msijifanye watoto.

Kwa Wakristo, majuma manne au karibu yake kabla ya Krismasi huitwa Majilio, nayo ni siku za kungoja na kujitayarisha. Wale waliolelewa karibu na misheni ya Ndanda, iliyoanzishwa na Wabenediktini mwaka 1906, watakuambia kwamba Noeli ni 25 Desemba na siku zifuatazo, si mwanzo wa Desemba. Wakatoliki wengi hupenda kusema "Noeli njema"; kwa Waanglikana, ambao misheni yao ilifika Masasi mwaka 1876, utasikia zaidi "Krismasi njema". Yote mawili ni sawa.

Je, wale wanaoagana shule ikifungwa wafanyeje, nao hawataonana mpaka Januari? Hapa Kiswahili chenyewe chatusaidia. "Krismasi njema!" ni salamu ya siku yenyewe. "Nakutakia Krismasi njema" ni dua ya jambo lijalo, nayo yaweza kutolewa hata majuma matatu kabla. Vivyo hivyo mwenzako Mwislamu akisafiri katikati ya Ramadhani, mwambie "Nakutakia Idi njema", naye atakuitikia bila kununa. Kijana wa Nyangao alisahau neno moja tu. Na wale wa Kilwa, nao mwanzo wa Desemba walilisahau neno lile lile. Nikawaambia, wakacheka, wakapeana mikono.

Ile salamu ya jumla, "Heri ya Sikukuu", naiona yafaa kwa ubao wa matangazo na kwa barua ya ofisi. Kwa mtu unayemjua jina na dini yake ni salamu ya uvivu.

Na msisahau kwamba salamu ya sikukuu haiondoi salamu ya kila siku. Nimewaona vijana wakimwendea bibi kizee na kusema "Idi Mubaraka" kama wanavyosema kwa rika zao. Kwanza "Shikamoo, bibi", ungoje marahaba, kisha mkono wa Idi.

Kwa upande wa sarufi nitasema machache, maana nimesahihisha kadi nyingi. Idi, Krismasi, Noeli na Pasaka ni njema. Mfungo ni mwema, na Mwaka Mpya ni mwema pia. Majilio ni mema. Aandikaye "Mwaka Mpya njema" amepoteza alama kabla kadi haijafika posta.

Mwisho darasa liliniuliza kama Idi na Krismasi zaweza kukutana. Tulifanya hesabu ubaoni. Mwaka 2000 Idi ya Fitri ilikuwa mara mbili, Januari na tena siku chache tu baada ya Krismasi. Duru nzima ya miezi huchukua miaka 32 au 33. Kwa hesabu hiyo mwaka 2033 nao utakuwa na Idi mbili, ya kwanza siku za mwanzo za Januari na ya pili karibu na tarehe 23 Desemba, mwezi ukipenda. Wanafunzi hawa watakuwa watu wazima wakati huo, wengine na watoto wao. Kijana mmoja wa Kilwa, ambaye mama yake naye ni mpishi, aliandika mwaka ule pembeni mwa daftari lake, akaniuliza kama nazi zitapanda bei. Nilimjibu kwamba zitapanda sana, na kwamba aanze kununua Novemba, lakini asizikune.