Cheti cha Ng'ambo, Zamu ya Kivinje

Nilizaliwa Kilwa Kivinje, nikasomea udaktari China. Wadogo zetu wa pwani hii walioko China, Urusi na India hunitafuta wakikaribia kuhitimu, na swali lao ni moja: nikafanyie kazi nchi gani? Wengi wameshaanza kulinganisha mishahara. Mimi huwaanzishia kwingine.

1. Uliza nani atasimama pembeni yako zamu ya kwanza ya usiku

Vyuo vingi vya China huwafundisha wageni kwa Kiingereza, ilhali mgonjwa kitandani anaeleza maumivu yake kwa Kichina cha kwao. Mwanafunzi anaweza kufaulu kila mtihani na bado akawa hajakaa na mgonjwa peke yake, akamsikiliza tangu homa ilipoanza mpaka alipofika mapokezi. Kichwa kimejaa, mikono bado. Kwa hiyo nchi ya kwanza ya kuchagua ni ile itakayokubali kukufundisha mikono, hata kama malipo yake ni madogo.

Katika upasuaji wangu wa kwanza wa kumzalisha mama nilisimamiwa usiku na daktari msaidizi, katika hospitali moja ya pwani hii. Alianza kama tabibu, akaongezewa masomo, na alikuwa ameshapasua akina mama wengi kabla mimi sijamaliza sekondari. Alinionyesha mahali pa kuweka kisu, akanizuia mkono nilipokimbilia kushona kabla ya kuhakikisha damu imekoma. Kada yake haitambuliwi kama udaktari Uingereza wala Marekani. Ujuzi ule hauwezi kuomba kazi huko. Umebaki hapa, unawafundisha wanaokuja na shahada. Nikipima nilichojifunza kwake, naona mwaka wangu wa utarajali, yaani mafunzo ya kazini baada ya shahada, ulikuwa na thamani kubwa kuliko mshahara wowote ambao ningeweza kuusaini wakati ule.

2. Leseni ya nyumbani ndiyo inayofungua nyingine

Aliyesoma nje anaporudi, Tume ya Vyuo Vikuu huitambua shahada yake, kisha anakutana na Baraza la Madaktari Tanganyika: mtihani, utarajali wa mwaka mmoja, usajili. Vijana huona ni mlolongo wa kuwachelewesha. Lakini mabaraza ya nje nayo huuliza ulifanyia wapi utarajali, na hutaka barua ya mwenendo mzuri kutoka baraza la nchi ulikofanya kazi. Asiye na usajili popote hana wa kumwandikia barua hiyo.

Halafu kuna muda. Majibu ya mtihani wa Kiingereza wa IELTS hudumu miaka 2. Anayekwenda Uingereza kwa njia ya mtihani wa PLAB hufanya sehemu yake ya pili Manchester, nauli na viza juu yake. Marekani, ukishapita mitihani, bado unagombea nafasi ya mafunzo ya ubingwa, na matokeo yake hutangazwa kila Machi. Ujerumani wanataka Kijerumani cha kuongea na mgonjwa na cha kuongea na daktari mwenzako. Nchi za Ghuba huhakiki vyeti moja kwa moja chuoni, na chuo kisichojibu barua kinaweza kukuweka miezi. Chagua njia moja uifuate. Anayelipia tatu kwa pamoja humaliza akiba ya ukoo mzima, na majibu ya njia ya kwanza yanakwisha muda kabla njia ya tatu haijakamilika.

3. Orodha ya WHO haikufungi miguu

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa orodha ya nchi 55 zenye uhaba mkubwa wa watumishi wa afya, na Tanzania imo. Uingereza imeifuata: waajiri wake hawaruhusiwi kuja kutuvuna, ila wewe mwenyewe ukiomba nafasi iliyotangazwa, hukatazwi. Basi wakala anayedai ada akiahidi kukupeleka kazini Uingereza, mkimbie.

4. Usimwambie kijana kwamba nyumbani kazi ipo tu

Hili linaniuma. Machi 2017, madaktari wa Kenya walipotoka kwenye mgomo mrefu, Rais Magufuli wa Tanzania alikubali kuipatia Kenya madaktari 500. Wetu wakaomba kwa wingi. Kesi ikafunguliwa Kenya, mahakama ikasimamisha mpango, na Aprili Rais akaagiza serikali yake iwaajiri mara moja 258 waliokuwa wameomba. Niliwafurahia. Lakini tazama maana yake: nchi yenye wilaya zisizo na daktari wa kutosha ilikuwa na mamia ya madaktari walio tayari kuvuka mpaka kwa sababu hawakuwa na ajira. Kilichokosekana ni kibali cha ajira na fedha za mshahara, watu walikuwepo. Mpaka leo kuna waliomaliza utarajali wanaosubiri nafasi za ajira serikalini kupitia TAMISEMI huku wakishika zamu za kulipwa kwa siku katika zahanati binafsi. Mzee anayemhubiria kijana huyo uzalendo angemsaidia zaidi kwa kumuuliza mbunge wake bajeti ya ajira za afya imefikia wapi.

5. Pwani hii inakupa kitu na inakunyima kingine

Kutoka Kilwa hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 300. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokata barabara pale Somanga, njia ya rufaa kuelekea Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilikatika nayo. Mgonjwa wa kisiwa cha Songosongo huanza safari kwa boti, na bahari haiulizi hali yake. Daktari wa hapa hulazimika kuamua mapema: huyu nimsafirishe sasa, au nimtulize kwanza? Maamuzi hayo humkomaza upesi.

Ila ukitaka kuwa bingwa wa moyo, mkoa wetu wa Lindi hautakufikisha. Nenda Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, nenda Afrika Kusini au India, na usione haya. Wapo waliokwenda Oman pia, wakakuta wazee wenye asili ya Zanzibar wakiwaeleza maradhi yao kwa Kiswahili. Simlaumu hata mmoja wao. Ninachoomba ni mpangilio: mikono kwanza, ubingwa baadaye, na nchi ya kuishi iamuliwe ukiwa tayari unajua ni daktari wa namna gani.

Kama bado uko mwaka wa nne au wa tano, likizo ijayo usiimalizie Dar. Mwandikie mganga mfawidhi wa hospitali ya wilaya yako, omba kukaa mwezi mmoja wodi ya wazazi, na uombe hasa zamu za usiku.