Mafuta ya Gia ya Mashine za Boti: Ubadilishe Mwenyewe au Umlipe Wakala?

Ukurasa huu kwa ada hubeba matangazo ya mikutano, tarehe za mwisho za kurejesha fomu na taarifa za kufungwa kwa barabara. Safari hii tumeupa nafasi somo, kwa kuwa jambo lenyewe linawahusu kwa pamoja wafanyakazi wa Serikali wanaosafiri kwa boti za idara zao, na wananchi wanaovua, wanaovusha abiria baina ya Mkokotoni na Tumbatu, au wanaowachukua wageni kuwatazama pomboo huko Kizimkazi. Wote hao huitegemea mashine ya kupachika, na wengi wao hawajapata kuifungua parafujo hata moja iliyo chini ya usawa wa maji.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kuwamo katika boti ya idara moja ambayo jina lake halina haja ya kutajwa. Tulikuwa watu sita, na mizigo ya ofisi, katika siku za bamvua. Tulipofika katikati ya mkondo, mashine ilinguruma vizuri kuliko siku zote, lakini chombo hakikwenda. Nahodha alitia gia mbele, akatia nyuma, kisha akazima. Tulichukuliwa na maji kwa muda wa saa tatu hadi wavuvi walipotuona na kututupia kamba. Mguu wa mashine ulipofunguliwa bandarini, kilichotoka ndani kilifanana na chai ya maziwa, na meno ya gia yalikuwa yamelika. Kila aliyeulizwa alikuwa na jawabu lake. Nahodha alisema kazi ile ni ya wakala aliyeuza mashine. Ofisi ilisema ni kazi ya nahodha. Wakala alisema mashine haikuletwa kwake tangu iliponunuliwa. Na wote watatu walikuwa wakisema kweli.

Ili kulifahamu suala hili ni lazima kwanza tujue kilichomo ndani ya mguu. Tangu Ole Evinrude alipoanza kuuza mashine zake huko Milwaukee, Marekani, mwaka 1909, umbo la mashine ya kupachika halijabadilika kwa asili yake: injini huwa juu, shafti hushuka wima, na chini kabisa huwamo gia zinazougeuza mzunguko huo wa wima uwe wa kulala ili kuizungusha rafadha. Mashine inapozunguka mara 5,000 kwa dakika, rafadha huzunguka takriban nusu ya hapo, na kani yote hupita katika meno machache ya chuma yaliyomo ndani ya kijisanduku kisichozidi ukubwa wa nazi mbili. Kijisanduku hicho huzama baharini muda wote wa kazi. Kinachoyazuia maji ya chumvi yasiingie ni sili za mpira tu, na kinachoyazuia meno yasisagane ni mafuta. Mashine ndogo hutumia takriban robo lita, na zile za nguvu za farasi 40 ambazo wengi wetu tunazo hazifiki nusu lita.

Hapa pana kosa ambalo limeenea mno. Mwenye mashine ya mipigo miwili huchanganya oili na petroli, akadhani ameshalainisha kila kitu. Mwenye ile ya mipigo minne hubadilisha oili ya injini, naye akadhani vivyo hivyo. Mafuta hayo hayafiki kabisa kwenye gia. Gia zina mafuta yao peke yao, mazito, ya daraja la 90, yaliyotengenezwa kwa ajili ya mashine za baharini. Mafuta ya gia ya gari si badala yake, kwani gari haliogelei. Mafuta ya baharini yametiwa dawa za kulinda chuma hata pale unyevu kidogo unapopenya. Yanunuliwe katika chupa yenye lakiri, wala yasinunuliwe ya kupimwa katika chupa za maji ya kunywa.

Ama kuhusu muda, watengenezaji wengi huagiza kwamba mashine mpya ibadilishwe mafuta ya gia baada ya saa 10 hadi 20 za mwanzo, kwa sababu gia mpya huacha vumbi la chuma zinapozoeana. Baada ya hapo ni kila saa 100 za kazi au kila miezi sita, lolote litakalotangulia. Kijitabu cha mashine yako ndicho chenye kauli ya mwisho. Hesabu ya saa 100 huwadanganya watu. Boti inayokwenda saa 4 kwa siku huzimaliza kwa siku 25. Kwa mwenye chombo cha matembezi, au idara ambayo boti yake hutoka mara moja kwa wiki, miezi sita ndiyo itakayotangulia, na huyo hana haja ya kalenda. Wazee wetu walishaugawa mwaka kwa kaskazi na kusi. Siku za maleleji, ambapo upepo mmoja umekatika na mwingine haujatulia, ndizo siku za kupandisha vyombo, kuvikwangua na kuvitia rangi. Mafuta ya gia yabadilishwe siku hizo hizo.

Sasa tuingie katika kazi yenyewe. Vinavyohitajika ni bisibisi pana inayojaa barabara katika mfuo wa parafujo, beseni, mafuta mapya, pampu ndogo ya mkono au chupa laini ya kuminya yenye mdomo unaoingia katika tundu, na washa mbili mpya. Bisibisi nyembamba ndiyo inayoharibu kazi nyingi, maana hutafuna kichwa cha parafujo, na hapo ndipo nyundo na patasi huingia.

Mashine isimamishwe wima. Kamba ya usalama iondolewe na waya za plagi zichomolewe, kwani mkono utafanya kazi karibu na rafadha. Mguu una parafujo mbili za mafuta: ya chini, iliyo karibu na ncha, na ya juu, iliyo karibu na ule ubapa uliokaa juu ya rafadha. Tahadhari ni kwamba baadhi ya mashine kongwe zina parafujo ya tatu, jirani na ile ya chini, yenye kichwa cha msalaba. Hiyo hushika kiungo cha kubadilishia gia. Ukiifungua, kiungo huanguka ndani, na kazi ya nusu saa hugeuka kazi ya siku nzima.

Fungua ya chini kwanza, kisha ya juu ili hewa iingie na mafuta yashuke. Yaache yamalizike taratibu. Katika muda huo ing'oe rafadha na utazame shafti yake, maana mishipi ya nailoni inayoelea baharini hujiviringisha hapo, hujichoma ndani na kuikata sili. Mvuvi aweza kuuharibu mguu wa mashine yake kwa mshipi wake mwenyewe wa jana. Ondoa kila uzi, paka shafti grisi isiyoogopa maji, kisha rejesha rafadha na pini yake.

Kujaza hufanywa kutoka chini kwenda juu, na wengi hulikosea hili. Ukimimina kwa tundu la juu, hewa hunaswa ndani. Utaona mafuta yamefika mdomoni ilhali nusu ya kijisanduku ni tupu. Ingiza mdomo wa pampu katika tundu la chini na usukume polepole hadi mafuta yatokeze juu bila mapovu. Funga ya juu kwanza, kwa washa mpya. Hapo ndani pakikosa hewa ya kusukuma, mafuta hayatamwagika kwa haraka utakapoichomoa pampu na kuifunga ya chini. Kaza kwa nguvu ya kiasi, maana mguu ni wa alumini na njia zake huliwa upesi. Washa ya zamani isirejeshwe kamwe. Ni kitu cha bei ndogo, lakini imeshabanwa ikalala, na maji hupitia hapo.

Watu huuliza maji huingiaje ikiwa ndani mumejaa mafuta. Mashine ikifanya kazi, mguu hupata moto na vilivyomo hutanuka. Ikizimwa huku imezama, hupoa kwa ghafla, vya ndani hujikunyata, na kama sili imechoka, mguu huyavuta maji kama mtoto anavyovuta dafu kwa mrija. Kwa hiyo mashine huweza kunywa maji kila jioni inapotia nanga, wala nahodha hajui.

Faida kubwa ya kubadilisha mwenyewe, kwa maoni yangu, si fedha. Ni kwamba unayaona mafuta yaliyotoka. Yakiwa ya rangi ya kahawia au meusi kidogo, yamefanya kazi yake. Yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia. Kama mashine imesimama usiku kucha, legeza kidogo parafujo ya chini asubuhi, kwani maji ni mazito kuliko mafuta, nayo hutangulia kutoka. Ukungu mwororo wa chuma katika sumaku ya parafujo, kwa mashine zenye sumaku, si jambo la kutisha. Vipande vinavyohisika baina ya vidole ni jambo jengine kabisa. Pia pima kilichotoka: kikiwa pungufu sana kuliko kiasi kilichoandikwa katika kijitabu, mafuta yamekuwa yakivuja.

Basi ni wakati gani wa kumlipa wakala? Mafuta yakiwa meupe, yakitoka vipande, gia ikiruka, au parafujo ikiwa imeganda kwa chumvi, usiendelee. Kutia mafuta mapya katika mguu wenye sili mbovu ni kujinunulia wiki chache. Wakala mwenye vifaa huujaza mguu hewa kwa kipimo maalumu na kuona inapotorokea, kisha huuvuta hewa na kuona kama huingia. Hayo hayafanyiki kwa bisibisi ufukweni. Hali kadhalika, impela ya pampu ya maji inapofikia muda wake, mguu lazima ushushwe, na ni busara kazi zote zikafanywa siku hiyo moja. Mashine iliyo ndani ya dhamana nayo isiguswe kabla ya kusomwa masharti yake, na kila risiti ihifadhiwe.

Nje ya hayo, hesabu iko upande wa mwenye chombo. Atakayempelekea wakala hulipa mafuta yale yale, huongeza ujira, na juu yake nauli ya kuichukua mashine hadi mjini, na siku za kazi zilizopotea. Kwa mtu wa Kojani au Makoongwe gharama ya mwisho ndiyo nzito zaidi. Sisemi mawakala wanatoza kwa dhulma. Wanalipia duka na mafundi wao. Nasema tu kwamba kinacholipwa ni kazi ambayo kijana aliyemaliza skuli anaweza kufundishwa kwa asubuhi moja.

Kwa upande wa idara, yafaa kila boti iwe na daftari lake, na nahodha aandike saa za kazi kila safari. Siku ya kubadilisha iandikwe tarehe, saa zilizotimia, kiasi kilichotoka, rangi yake, kiasi kilichotiwa, na jina la aliyefanya kazi, awe nahodha au fundi wa wakala. Mkuu wa kitengo atie saini hapo hapo. Boti ile iliyotuacha katikati ya mkondo haikukosa fedha za matengenezo, ilikosa mstari mmoja wa maandishi wenye jina la mtu.

Mafuta machafu yasimwagwe ufukweni wala katika mikoko, ambako kamba na chaza hukulia, wala karibu na mashamba ya mwani. Yatiwe katika dumu lenye kifuniko, lisilotumika tena kwa maji wala kwa chakula, liandikwe ubavuni, na lipelekwe kwa gereji au wakala anayepokea mafuta yaliyotumika. Mnaponunua mafuta mapya ulizeni kabla ya kulipa kama muuzaji hupokea ya zamani.