Mwenzi Wako Akiweweseka, Usimhukumu



Tuchukue mfano. Hapa Bangale mume ameshinda siku mbili na homa. Usiku wa tatu hamtambui mkewe, anamwita kwa jina la mwanamke mwingine, na anaona watu ukutani. Mke analia, "Kumbe ndivyo ulivyo!" Shemeji anasema ni majini. Kukicha mgonjwa anaongea vizuri, wote wanatulia. Usiku anazidiwa tena.

Ndugu zangu, huko si kuungama, wala si majini. Ni kuweweseka: akili huvurugika ghafla, kwa saa au siku chache, kwa sababu mwili unaumwa. Hali hii huja na kupoa, na mara nyingi huzidi usiku. Nafuu ya asubuhi isitudanganye. Wengine hawapigi kelele, hunyamaza tu na kusinzia mchana kutwa. Usahaulifu wa uzeeni ni tofauti: huo huja polepole, kwa miezi na miaka.

Chanzo chake ni nini? Huweza kuwa malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, nimonia, ugonjwa wa njia ya mkojo hasa kwa wazee, kupungukiwa maji katika joto letu hili, sukari kushuka, dawa fulani, au kuacha ghafla pombe aliyoizoea. Mengi yanatibika, lakini mengine huua upesi. Mpeleke hospitali mara moja, hata usiku, iwe Garissa au Hola. Beba dawa zote anazotumia.

Katika kumuuguza, akae naye mtu anayemjua, taa ikiwaka kidogo. Mwambie kwa upole wewe ni nani, yuko wapi, ni siku gani. Usibishane naye, usimfunge kamba, usimpe dawa ya usingizi bila daktari. Mpe maji kama anameza vizuri.

Kinga ni chandarua, maji ya kutosha, kumaliza dozi, na kuwahi kutibu homa.

Akipona, huenda asikumbuke lolote. Usimfungulie kesi kwa maneno ya homa. Siku ya ndoa mliahidiana uaminifu katika afya na katika ugonjwa. Ugonjwa ndio huu.

Ya kujadiliana nyumbani:
1. Mmoja wetu akiweweseka usiku, tutapata wapi gari?
2. Je, tuna neno la siku ya ugonjwa ambalo hatujasameheana?