JUA SHERIA: Fidia ya Adhabu na Mipaka Yake Mahakamani

Tuseme askari wa kaunti wamebomoa kibanda chako usiku bila notisi, na bidhaa za shilingi 40,000 zikapotea. Mahakama ikikubali kwamba ulionewa, kwanza itaagiza ulipwe ulichopoteza. Hiyo ni fidia ya kawaida. Fidia ya adhabu ni pesa za ziada juu yake, za kumwadhibu aliyekukosea ili yeye na wengine wasirudie.

Fidia hii inafanana na faini, lakini inaingia mfukoni mwa mlalamikaji, tena katika kesi ya madai ambapo ushahidi hauhitaji kuwa mzito kama wa kesi ya jinai. Ndiyo maana majaji huitoa kwa uangalifu.

Mipaka inayofuatwa Kenya ilitokana na kesi ya Rookes dhidi ya Barnard, iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1964. Jaji Devlin alitaja hali tatu tu: mtumishi wa serikali ametumia mamlaka kwa uonevu, kiholela au kinyume cha katiba, mdaiwa amepiga hesabu kwamba faida ya kosa lake itazidi fidia atakayolipa, au sheria ya Bunge imeruhusu fidia hiyo. Mwaka 1971, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliukubali msimamo huo katika kesi dhidi ya Baraza la Manispaa la Kisumu. Fundi aliyevunja tu mkataba wenu kwa kawaida hayumo.

Je, kuna kiwango cha juu? Hakuna sheria ya jumla inayotaja kiasi. Jaji hujumlisha kwanza fidia ya kawaida, pamoja na ya kudhalilishwa, kisha hujiuliza kama jumla hiyo yenyewe inatosha kumwadhibu mkosaji. Ikitosha, haongezi hata shilingi. Isipotosha, huangalia uwezo wa pande zote mbili na mwenendo wao. Tukumbuke pia kwamba kaunti ikilipa, pesa hutoka kwenye hazina ile ile inayonunua dawa za zahanati, ukiwemo ushuru wa huyo huyo aliyebomolewa.

Wanaotarajia mamilioni kwa sababu ya habari za Marekani wajue kwamba hata huko kuna breki. Mnunuzi mmoja wa gari la BMW aligundua limepakwa rangi upya bila yeye kuambiwa. Baraza la wazee wa mahakama lilimpa dola 4,000 za hasara na milioni 4 za adhabu. Mahakama ya juu ya Alabama ilipunguza adhabu hadi milioni 2; mwaka 1996 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema hata hizo zimepita kiasi, na mwishowe zikabaki 50,000.

Hapa kwetu, mahakama ya rufaa haibadilishi kiasi kwa sababu tu yenyewe ingetoa kingine. Huingilia pale kanuni ilipokosewa, au kiasi kilipokuwa kikubwa au kidogo kupindukia.

Ukifungua kesi, taja ombi la fidia ya adhabu waziwazi kwenye hati ya madai, na ueleze kitendo kilivyofanyika: saa, maneno yaliyosemwa, notisi iliyokosekana. Hifadhi risiti na picha. Usichelewe: kesi ya madhara dhidi ya serikali hufunguliwa ndani ya miezi 12. Asiye na uwezo wa wakili anaweza kuomba usaidizi wa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria.