Kinga Matunda Yako Dhidi ya Ndege: Hamisha Vifaa vya Kuwatisha

Embe lililodonolewa mara moja tu halina soko. Nzi huingia kupitia tundu hilo, tunda huoza, na dalali akija shambani hulitupa kando. Kwa mkulima mwenye miembe au mipapai michache, hiyo inaweza kuwa karo ya mtoto iliyopotea.

Wakulima wengi husimamisha sanamu la mtu au kutundika CD kuukuu mtini. Siku za kwanza ndege hukimbia. Baada ya wiki chache, kunguru anatua juu ya kofia ya lile sanamu. Ndege amechunguza na kutambua kwamba kitu hicho hakisogei wala hakimdhuru. Ili vifaa hivi viendelee kukufaa, zingatia yafuatayo:

1. Usivitundike mapema. Subiri matunda yakaribie kuiva. Ukivianika tangu mti unapochanua maua, ndege watakuwa wamevizoea kabla ya mavuno.

2. Tumia vinavyosogea na kung'aa. Utepe unaometa ukipindwa kidogo kabla ya kufungwa hupepea na kurudisha mwanga wa jua pande zote. CD huhitaji jua na upepo, hivyo siku ya mawingu husaidia kidogo sana.

3. Tundika juu, karibu na kilele cha mti, ambapo ndege hutua kwanza.

4. Hamisha kila baada ya siku tatu au nne. Badilisha pia aina: leo utepe, wiki ijayo puto lililochorwa macho makubwa kama ya mwewe. Sanamu nalo livishwe nguo nyingine.

5. Ondoa vyote baada ya kuvuna, ili msimu ujao viwe vigeni tena machoni pa ndege.

Vifaa hivi hupunguza hasara, havimalizi tatizo. Chuma maembe yakishapevuka, kabla hayajaiva mtini. Mti mfupi waweza kuufunika kwa neti. Usitege sumu kamwe: huua hata ndege wanaokula wadudu waharibifu, na ni hatari kwa watoto na mifugo.

Jioni ya leo, pita shambani ukajiulize: kifaa kile kimekaa pale pale kwa siku ngapi? Kwa ushauri zaidi, muone afisa wa kilimo katika wadi yako.