ELIMU KWA UMMA: Daraja la Nne si Mwisho wa Safari

Kila mwaka Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) linapotangaza matokeo ya Kidato cha Nne, baadhi ya nyumba za Kata ya Bugarama huingia katika siku ngumu. Mzazi aliyeuza ng'ombe au kukesha kwenye karasha ili alipie masomo ya ziada huyaona matokeo mabaya kama deni lisilolipwa. Mtoto naye, kwa kuogopa maneno ya nyumbani, hukimbilia kwenye maduara. Ndugu mkazi, somo hili linaeleza namna ya kuiepuka hali hiyo.

Mosi, tuelewe alama. Daraja huhesabiwa kwa masomo saba ambayo mwanafunzi amefanya vizuri zaidi: A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4 na F 5. Mwenye D nne na F tatu hupata pointi 31, yaani Daraja la Nne. Wazazi wengi hudhani huyo amekosa kila kitu. Hata hivyo, D nne za masomo yasiyo ya dini humwezesha kuomba kozi nyingi za Astashahada katika vyuo vinavyosimamiwa na NACTVET. Fani kama uuguzi na utabibu hudai pia ufaulu wa masomo ya sayansi. Baada ya Astashahada huja Stashahada, na mwenye Stashahada ya GPA 3.0 au zaidi anaweza kuomba chuo kikuu. Vyuo vya VETA navyo hufundisha ufundi.

Pili, tuache kulinganisha watoto. Januari 2023 NECTA iliacha kutangaza shule na wanafunzi kumi bora kitaifa. Si busara orodha hiyo iendelee kusomwa sebuleni, mtoto akipimwa kwa mtoto wa jirani.

Tatu, tumsikilize kabla ya kuchagua. Mtoto aliyefaulu Historia na Kiswahili asilazimishwe kusoma sayansi kwa sababu mzazi anataka daktari. Baada ya matokeo, TAMISEMI hutoa muda wa kubadilisha tahasusi. Mzazi na mtoto wautumie pamoja, wakishauriana na mwalimu.

Nne, tuchunge neno la kwanza. Siku ya matokeo mtoto apewe chakula na utulivu. Mazungumzo ya hatua inayofuata yasubiri kesho. Mwanafunzi naye asifiche matokeo, aeleze mapema somo linalomshinda.

Mtoto akikosa usingizi, akijitenga, au akisema hataki kuishi, asiachwe peke yake. Afikishwe mara moja kituo cha afya au kwa Afisa Ustawi wa Jamii. Namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto hupigwa bila malipo.

Duara likikosa dhahabu, mchimbaji habomoi nyumba yake. Hutafuta mahali pengine pa kuchimba. Tuwatendee hivyo watoto wetu.