Safu ya Faini: Taasisi Inavyotufundisha Kuona



Muhula mmoja nilikuwa mweka hazina wa mfuko mdogo wa wanafunzi Waislamu hapa Kasese. Tulikopeshana bila riba na tulijivunia hilo. Dada mmoja akachelewa wiki tatu kurudisha sh. 50,000, kwa kuwa alikuwa Bwera akimuuguza mama yake. Nilifungua daftari nikamwandikia faini, sh. 2,000 kila wiki. Akalipa 56,000. Usiku ndipo nikashtuka: deni limeongezeka kwa sababu ya muda. Hiyo tunaiitaje?

Hakuna aliyekusudia. Daftari tuliliiga kutoka kikundi cha akiba cha mtaani, pamoja na safu yake ya faini. Safu ikiwepo, mweka hazina huijaza.

Wanasosholojia huita jambo hili mantiki ya taasisi. Roger Friedland na Robert Alford waliandika mwaka 1991 kwamba soko, dola, demokrasia, familia na dini (wao walitaja Ukristo, ya kwetu tutajisemea) kila kimoja kina namna yake ya kuamua lipi lina thamani na lipi ni kosa. Anayeingia ndani huanza kuona kwa macho hayo. Kwa macho ya soko, dada yule ni mdaiwa aliyechelewa. Kwa aya ya 280 ya Al-Baqara, ni mwenye dhiki anayestahili kusubiriwa. Nami nilimwandikia faini nikiwa nimetoka kuswali Adhuhuri.

Benki nazo zina mtihani huu. Kenya, Gulf African Bank ilianza 2008. Tanzania, Amana Bank 2011. Uganda ilirekebisha sheria mwaka 2016 kuruhusu benki za Kiislamu, na mwaka 2023 Salaam Bank ikapata leseni. Chukua murabaha: kijana anataka pikipiki ya bodaboda. Benki inainunua, inaimiliki, kisha inamuuzia kwa faida inayojulikana, alipe kidogo kidogo. Ikiharibika kabla ya kuuzwa, hasara ni ya benki. Lakini afisa anayepimwa kwa idadi ya mikataba ya mwezi ataona hatua ya kumiliki inamchelewesha. Akimpa kijana fedha mkononi na karatasi zikafuata baadaye, huo ni mkopo uliovishwa kanzu, hata kama afisa mwenyewe hakosi swala ya jamaa.

Watafiti Julie Battilana na Silvia Dorado walichapisha mwaka 2010 utafiti wa taasisi mbili za Bolivia zilizokopesha maskini kibiashara. BancoSol iliajiri watu wa ustawi wa jamii na watu wa fedha, wakagombana vikali. Caja Los Andes ilichukua vijana wasio na uzoefu ikawafunza upya, na mivutano ikapungua. Tunaosoma fiqhi tukidhani tutaajiriwa ili tuwarekebishe wengine, hapo tufikiri kidogo.

Dada tulimrudishia 6,000 zake. Safu ya faini tumeifuta, mahali pake tumeandika "sababu ya kuchelewa". Wawili wamelegea tangu hapo, na wana uwezo. Wapo wanazuoni wa leo wanaokubali mdaiwa wa namna hiyo aahidi kutoa sadaka, mradi isimrudie mdai. Wenzangu wengine wanaona hata hilo ni mlango. Kikao ni Ijumaa baada ya swala, na daftari litakuwa mezani.